Proxmox Backup Server kwa seva za Mtwara: programu bure, diski ndiyo gharama

Mwenye seva moja au mbili za mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva) hapa Mtwara, awe ni ofisi ya watengeneza programu, chuo, au chama cha msingi chenye mfumo wake wa stakabadhi za korosho, aanze bakapu na Proxmox Backup Server, programu ya seva inayopokea na kutunza nakala za mashine hizo. Sababu kubwa ni kasi ya intaneti yetu. Sifa nyingine zinafuata nyuma.

Wengi bado wananakili faili la qcow2, yaani faili linalobeba diski ya mashine pepe, kwa amri ya cp usiku huku mashine inafanya kazi. Nakala hiyo mwanzo wake ni wa saa nne, mwisho wake wa saa tano. Majedwali ya ndani ya qcow2 yameshabadilika katikati, na siku ya kurejesha, qemu-img check, amri ya kukagua faili hilo, inamwaga makosa skrini nzima. Wenye faili za raw (diski iliyohifadhiwa ilivyo, bila majedwali) wana shida nyingine: scp, amri ya kunakili kupitia mtandao, inajaza nafasi tupu, hivyo diski ya GB 100 yenye data ya GB 18 inafika upande wa pili ikiwa GB 100 kamili.

Proxmox Backup Server (toleo 1.0 lilitoka Novemba 2020, leseni ni AGPLv3) haifanyi hivyo. Inaikata diski vipande vya MiB 4, inakokotoa SHA-256 (alama ya utambulisho inayotokana na data yenyewe) ya kila kimoja, na kipande ambacho seva inacho tayari hakitumwi tena. Vinavyotumwa vinabanwa kwanza. Piga hesabu mwenyewe: laini inayopandisha Mbps 10 inahitaji saa 22 na ushee kutuma GB 100, lakini mabadiliko ya GB 3 yanakwenda kwa dakika 40.

Wenye hifadhidata wasishangilie mapema. Ikibadilika hata KiB 4 tu, kipande kizima cha MiB 4 kinahesabiwa kipya. Hifadhidata ya PostgreSQL inayoandika huku na huku wakati minada ya korosho imepamba moto itatuma kiasi kikubwa kuliko miamala yenyewe, kwa hiyo usipange laini kwa kuangalia bakapu za mwezi wa Juni. Washa discard kwenye diski ya mashine pepe na uendeshe fstrim ndani yake, ili nafasi iliyoachwa wazi itambulike kuwa tupu, la sivyo mafaili yaliyofutwa zamani yataendelea kubebwa. Weka pia qemu-guest-agent, programu ndogo ya ndani ya mashine pepe, ili mfumo wa mafaili utulizwe sekunde chache bakapu inapoanza. Bila hiyo, nakala yako ni sawa na ya mashine iliyochomolewa waya.

Sasa umeme, maana hapo ndipo programu hii inapopimwa kwetu. QEMU, programu inayoendesha mashine pepe, huweka kwenye kumbukumbu (RAM) ramani ya sehemu za diski zilizobadilika tangu bakapu iliyopita. Mashine pepe ikijiwasha upya yenyewe, ramani inabaki. Ikizimwa kabisa, au umeme ukikatika, imepotea. Bakapu inayofuata itasoma diski yote: GB 100 kwa kasi ya MB 150 kwa sekunde ni kama dakika 11. Ukiona inachelewa asubuhi baada ya umeme kurudi, iache imalize. Inasoma sana, inatuma kidogo.

Hatari yenyewe iko upande wa seva ya bakapu. Kipande kimoja kinatumiwa na bakapu nyingi, kwa hiyo kipande kimoja kilichoharibika umeme ulipokatika katikati ya kuandika kinaziharibu zote zinazokitegemea, za wiki hii na za mwezi uliopita. Dawa ni UPS, na kazi ya uhakiki iliyopangwa kila wiki, ambayo inasoma vipande na kukokotoa upya SHA-256. Kibovu kinapewa jina la .bad, na kama data hiyo bado ipo kwenye mashine pepe, bakapu inayofuata inaweza kukileta tena. Ofisi isiyopanga uhakiki inajidanganya.

Kwenye vifaa ndipo pesa inapokwenda. Watengenezaji wanapendekeza kwa kazi halisi prosesa ya viini 4, RAM GB 4 pamoja na GB 1 kwa kila TB ya hifadhi, na SSD. Kompyuta ya mtumba yenye RAM GB 8 inatosha ofisi ndogo. Kwenye diski usibane: hifadhi ya TB 1 iliyojaa ina vipande zaidi ya 200,000, na usafishaji wa vipande visivyotumika lazima uguse kila kinachotumika. Diski ya kuzunguka inateseka hapo. Tena kufuta bakapu za zamani hakurudishi nafasi papo hapo. Ni lazima usafishaji upite, na kwa mpangilio wa kawaida hauondoi kipande kilichoguswa ndani ya saa 24 na dakika 5. Ukisubiri hadi ijae, umechelewa.

Kero ndogo: baada ya kusakinisha, apt update, amri ya kutafuta masasisho, inagoma na kosa la 401 kwa sababu hazina ya programu iliyowekwa ni ya wanaolipia. Iondoe, weka ile ya bure, pbs-no-subscription.

Nakala ya pili ipeleke Lindi, si Dar. Mei 2024 barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika Somanga kwa mvua za kimbunga Hidaya, na tarehe 12 mwezi huohuo mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ikapata hitilafu, intaneti ikasuasua nchi nzima. Tangu toleo 3.3 unaweza kutengeneza hifadhi kwenye diski ya kuchomoa. Jaza bakapu ya kwanza Mtwara, ipande basi, iingize kwenye seva ya Lindi, kisha kazi ya usawazishaji ivute usiku vipande vipya tu. Ukisimba data, chapisha ufunguo kwa proxmox-backup-client key paperkey na uufungie kabatini mbali na seva. Ukipotea hakuna wa kukusaidia. Tokeni (nywila maalumu ya programu) ambayo seva ya mashine pepe inaingilia kwenye seva ya bakapu ipe ruhusa ya DatastoreBackup pekee, ili mdukuzi akiiteka seva hiyo asiweze kufuta bakapu.

Anayeendesha mashine pepe kwa libvirt, bila Proxmox VE (mfumo wa mashine pepe wa watengenezaji haohao), hapati raha hizi zote. proxmox-backup-client, programu ya kutuma bakapu kwa amri, inasoma vizuri diski ya LVM (diski iliyogawanywa na Linux), lakini haina ramani ya mabadiliko, na kuigandisha diski ni kazi yako mwenyewe. Huyo aangalie virtnbdbackup, programu ya bakapu ya libvirt. Ramani yake inakaa ndani ya qcow2, kwa hiyo haipotei mashine ikizimwa kwa utaratibu. Umeme ukikatika ghafla ramani hiyo haiaminiki tena, na itabidi uanze na bakapu kamili.