Haller Park mchana, Lighthouse jioni, usigeuze

Mimi nimekaa Kisauni maisha yangu yote na Haller Park, ile bustani ya wanyama ya Bamburi, nilikuwa nimeingia mara moja tu, na basi la shule, darasa la tano. Si unajua sisi watu wa Mombasa, kitu kikishaitwa cha watalii twakipita hapo barabarani kila siku kwa matatu na hatugeuzi hata shingo. Sasa likizo hii wifi yangu (si ile ya intaneti jamani) akaja kutoka Tanga na watoto watatu, na ukiwa na watoto watatu ndani ya nyumba ya vyumba viwili utajua tu pa kuwapeleka.

Siku ya kwanza nilifanya ujinga nikawapeleka Lighthouse saa saba mchana. Lighthouse yani Mama Ngina, kwa wale wageni, ile ya mibuyu ukingoni mwa bahari. Pametengenezwa upya pakafunguliwa Oktoba 2019, ile Mashujaa Dei iliyofanywa Mombasa, na pamekuwa pasafi pana nafasi viti kila mahali, hilo sina neno. Lakini jua la saa saba pale si mchezo, sakafu yachoma mpaka ndani ya soli. Na mbuyu si mwembe, majani yakiwa yamepukutika wakaa chini yake na jua lakuona vilevile. Tukavumilia nusu saa, kitinda mimba akaanza kulia, tukapanda tuktuk moja hivi ambayo dereva aliposikia tu lafudhi ya wifi yangu bei ikapanda mara mbili. Nilinyamaza manake nilikuwa nimechoka, lakini nawaambia, mapatano ya bei afanye mwenyeji, mgeni anyamaze mpaka mshaketi.

Siku ya pili ndo tukaenda Haller Park na hapo nataka kuongea kidogo.

Wengi hufikiri ni zuu. Wanyama wapo ndiyo, twiga, mamba, kiboko, nyoka, makobe wakubwa wale unaeza ukadhani ni mawe mpaka litembee. Lakini kitu chenyewe ni hilo shimo mnalosimama ndani yake. Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha simiti cha Bamburi, kiwanda kilichoanza kutoa simiti 1954, wakichimba yale mawe ya matumbawe ya zamani mpaka pakabaki jangwa jeupe, maji ya chini yana chumvi, hakuna udongo hata wa kujaza sufuria. 1971 Mswisi mmoja aliyekuwa akifanya kazi hapo, René Haller, akaanza kujaribu kupanda miti. Akajaribu aina 26 na zilizoshika ni tatu tu, mmoja wao mvinje, hii tunayoipanda sisi tupate boriti. Lakini mvinje majani yake ni kama sindano, yakianguka hayaozi, yakawa yanarundikana tu juu ya jiwe. Sasa guess alichukua nini? Jongoo! Jongoo hawa hawa wenye miguu myekundu ambao mvua ikinyesha mama yangu huwafagia nje akilaani. Wakamwagwa hapo wakala yale majani, mavi yao yakawa udongo, na huo udongo ndo uliobeba miti mingine mpaka leo umeingia ndani ni baridi kama umefungua friji. Nilisikia haya nikamtazama jongoo kwa heshima kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

Kwahivyo ushauri wangu, ukiingia chukua mtu wa kuwatembeza na umuulize ya jongoo, usikimbilie twiga tu. Wifi yangu alipoambiwa kampuni ya simiti yenyewe ilinunuliwa na Amsons ya Tanzania mwisho wa 2024 basi, kutoka hapo akawa anatembea kama mwenye shamba, ati "twiga wetu", "mamba wetu". Nikamwambia mbona getini umelipa kama sisi.

Watoto walitaka kumjua Owen. Hii stori hata Tanga imefika, yule kiboko mchanga aliyesukumwa baharini huko Malindi wakati wa tsunami, Desemba 2004, akaokolewa akaletwa hapa, akifika tu akamkimbilia kobe dume mmoja mzee aliyekadiriwa miaka 130 hivi, na jina lake kweli ni Mzee, akawa analala naye anamfuata kila anapokwenda kama mamake. Baadae akahamishwa akawekwa na kiboko wa kike, Cleo, na watu wengi hapo kwa Cleo huwa hawajafika, wanabaki na picha ile ya kobe.

Kulisha twiga ni kwa saa maalum, uliza getini unapoingia, sisi tuliwahi ile ya saa tisa. Ulimi wake mrefu mweusi halafu una mate, mtoto wa kati alipiga kelele akamwaga chakula chote chini. Raha. Vitu vya kubeba ni maji, viatu vya kufunga manake mwatembea kweli, na kitambulisho, bei ya Mkenya na ya mtalii haziko sawa.

Ufuo wa Pirates uko hapo jirani, tukapita watoto walowe miguu. Umejaa kama kawaida, ngamia, maboya, watu wa picha. Sina la kuongeza.

Jioni nikasema tujaribu tena Lighthouse na wifi yangu akanikunjia uso, lakini tulifika saa kumi na moja na nusu na ilikuwa ni mahali pengine kabisa wallahi. Upepo, jua limeshuka nyuma, familia zimetandika leso, vijana na gari zao na muziki wao (wapunguze kidogo), na ile mikaango imewaka moto. Meli ya makasha ikapita inaingia Kilindini, karibu mpaka waona kama waeza kuirushia kitu, watoto wakahesabu makasha wakakosana. Tuliketi chini ya mbuyu uleule wa jana.

Mihogo ya kukaanga, pilipili na ndimu, madafu, achari ya embe, viazi karai. Nenda na hela ndogo ndogo, noti ya elfu pale ni ugomvi. Na muhogo chagua ule unaotoka karaini sasa hivi, ule uliokaa juu ya trei umeshakuwa mti. Wifi yangu akala akasema ya Tanga ni laini zaidi. Nikamwambia basi acha yangu. Akavuta sahani akamaliza, akaagiza nyengine, na tukaondoka saa tatu na kitu mdogo amelala begani.