Transvata za kununua ukiwa Kisumu ama Nakuru: nazipanga kutoka ya kwanza mpaka ya kuachana nayo

Kabla uangalie bei jiulize kitu moja tu, ukishawasha hiyo transvata utaongea na nani? Wenye leseni ya redio amateur huku kwetu ni wa kuhesabu, na wengi wao wako HF (masafa ya chini ya 30 MHz) ama wana kahandheld ka FM. Hiyo ndio inafanya orodha yangu iwe tofauti na zile za watu wa Ulaya, kule mtu akirusha 144 MHz kwa SSB (njia ya kurusha sauti kwa nafasi ndogo) kuna jirani atamjibu.

Kwa wale wageni: transvata ni kaboksi kanachukua signo ya redio uliyonayo, tuseme 28 MHz, kanaipandisha mpaka bendi redio yako haina, na ukisikiliza kanairudisha chini. Ya 144 ina oselata (saketi inayotengeneza mawimbi) ya 116 ndani, 28 jumlisha 116 ni 144, hesabu imeisha.

Namba moja, bila kufikiria sana, ni apkonveta ya 2.4 GHz ya kuingia satelaiti ya QO-100. Hii ni transvata nusu, inapandisha tu, kushusha unaachia LNB ya TV, kile kichwa kinakaa mbele ya dishi. QO-100 ni mtambo wa redio amateur ulio ndani ya satelaiti ya Es'hail-2 ya Qatar, ilirushwa 2018, inakaa nyuzi 25.9 mashariki na haisongi, inashika Afrika yote na Ulaya, kuanzia Brazil mpaka Thailand. Usiku na mchana watu wako. Na sisi tumebarikiwa bana, hapa kwa ikweta iko karibu utosini: ukiwa Kisumu dishi inainuka kama digrii 80 kuelekea magharibi kabisa, Nakuru kama 78. Angalia dishi za DStv kwa paa za Kondele vile zimelala zikiangalia mawingu, ile satelaiti yao iko 36 mashariki, sasa wewe unatoa dishi hapo unaishusha magharibi kitu digrii kumi hivi na uko karibu kabisa. Shida ni kwamba vyuma vingi vya kushikia dishi vimetengenezewa nchi za mbali na ikweta, havifiki digrii 80, kwa hivyo unapeleka kwa fundi wa kuchomelea akuongezee kipande. Mwambie pia akutobolee shimo za kutoa maji kwa kaboksi ka apkonveta, upande wa chini, mvua ya jioni ya Kisumu unaijua.

Kusikiliza ni rahisi, LNB ya kawaida ya TV yenye PLL (saketi ya kushikilia masafa), oselata 9750 MHz, ile 10489.75 MHz ya satelaiti inashuka mpaka 739.75 MHz na RTL-SDR, karisiva ka USB ka kompyuta, inaishika vizuri. Anza na hiyo kwanza kabla utoe pesa ya kurusha. Utaona signo inateleza jua likipiga LNB, na sababu iko wazi: kosa la sehemu moja kwa milioni kwa 116 MHz ni hertz 116 tu, lakini kwa 9750 MHz ni karibu kilohertz 10, hapo sauti ya SSB imeshapotea. Kwa hivyo ukichagua apkonveta nunua yenye TCXO (oselata isiyoyumbishwa na joto) ama yenye mlango wa 10 MHz kutoka GPS, hapo usibane pesa. Wati ndio unaweza bana, 2 mpaka 5 na dishi ya sentimita 80 zinatosha SSB, ukizidisha kushinda bikoni (signo ya alama) ya satelaiti unapigiwa king'ora na kila mtu anasikia.

Halafu kebo. RG-58 kwa 2.4 GHz inakula karibu desibeli moja kila mita, kwa hivyo mita kumi zimekumalizia asilimia 90 ya nguvu, wati mbili inafika kwa dishi ikiwa 0.2. Apkonveta ikae juu na dishi, sio kwa meza.

Namba mbili ni zile bodi za 144/28 kutoka Ukraine, kama wati 10 hivi, bei ya mtu wa kawaida. Zinafanya kazi sawa, nimeziweka pili sababu ya lile swali la utaongea na nani. Ukiwa unafuatilia satelaiti za chini zinazopita haraka, hapo ina maana. Kabla ununue angalia redio yako, FT-818 ama IC-705 tayari ziko na 144 na 430 ndani, utakuwa unanunua kitu unacho.

Kitu kinaua hizi bodi ni nguvu ya kuingiza. Transvata nyingi zinataka miliwati 1 mpaka 50, na redio ya wati 100 ukishusha mpaka chini kabisa bado inatoa wati kadhaa, na ile sekunde ya kwanza ukibonya PTT (kitufe cha kuongea) redio zingine zinaruka juu kabla ALC, kidhibiti cha nguvu, ishike. Ikikuja wati 5 unahitaji ateniueta (kifaa cha kupunguza nguvu) ya desibeli 20 ndio ibaki miliwati 50. Nunua ateniueta ya kubeba wati zote za redio yako, sio zile unapanga kutumia, kwa sababu siku moja mtu atagusa kile kinobu.

Namba tatu, Kuhne za Ujerumani. Ubora hauna maswali, lakini bei ni mara kadhaa ya zile za Ukraine na ukiongeza VAT ya 16% na ushuru mwingine unaweza lia.

Namba nne ni Microwave Modules za zamani za Uingereza, mtumba, MMT144/28 na ndugu zake. Chukua tu kama unajua kushika soldering, kapasita zake zimezeeka na oselata inatembea.

Ya mwisho ni 1296 MHz. SG-Lab ya Bulgaria ni kitu safi, wati 2, lakini huku utairusha ukisikiliza upepo wa ziwa.

Leseni ya CA (Mamlaka ya Mawasiliano) iwe mkononi kabla uagize, maana mzigo ukishikwa forodha hiyo karatasi ndio watauliza. Na kama uko upande wa Kisii ama Kakamega, chomoa kebo zote mawingu yakianza kukusanyika, radi ya huko haiulizi umenunua ya Ujerumani ama ya Ukraine.