Nguzo zilizotiwa dawa na bati lililokonda: tathmini ya vifaa vya banda la ng'ombe, Arumeru

Mwaka 2019 nilijenga banda la ng'ombe wa maziwa lenye mita 6 kwa 15 huku Arumeru, likisimama juu ya nguzo 18 za mkaratusi ambazo hazikutiwa dawa ya kiwandani bali zilipakwa oili chafu na fundi, kama tulivyozoea wengi wetu. Mwaka 2024 nililijenga upya kwa vipimo vilevile, kwa kuwa mchwa walikuwa wamekwisha kula nguzo 11 usawa wa ardhi, na paa lilikuwa limeanza kulalia upande wa josho. Stakabadhi za ujenzi wa kwanza nilikuwa nimezihifadhi, pamoja na profoma (karatasi ya bei kabla ya kununua) ya nguzo zenye dawa niliyoikataa wakati ule kwa kuona ni ghali. Tathmini hii inatokana na kuyalinganisha makaratasi hayo na yale ya safari ya pili, na inahusu zaidi vitu viwili vilivyobeba sehemu kubwa ya fedha zangu, yaani nguzo na mabati.

Nianze na nguzo. Yadi niliyonunulia iko pembezoni mwa Jiji la Arusha na huleta mikaratusi iliyotiwa dawa kutoka Mafinga, safari ya zaidi ya kilomita 700 kupitia Iringa, Dodoma na Babati. Nguzo ya mita 4 yenye kipenyo cha sentimita 15, ambayo profoma ya 2019 iliitaja kwa shilingi 22,000, mwaka 2024 iliuzwa shilingi 34,000. Nililipa bila furaha, lakini nikiri kwamba kati ya nguzo, mbao na mabati, hii ndiyo bidhaa pekee ambayo bei yake imepanda huku yenyewe ikiwa haijapungua. Kipenyo kilikuwa kilekile nilichoambiwa, urefu ulizidi kidogo, na msimamizi wa yadi aliniruhusu kupekua rundo na kukataa nguzo nilizozitilia shaka, jambo ambalo wauzaji wengi hawalipendi.

Nilikataa tano. Dawa inayotumika ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, nayo husukumwa ndani ya mti kwa shinikizo katika mtungi mkubwa baada ya hewa kunyonywa. Mti ukiingizwa mtungini ungali mbichi, maji yaliyomo huizuia dawa kupenya, hata kama ngozi ya nje itatoka na rangi ya kijani inayopendeza macho. Kwa hiyo nilitazama ncha zilizokatwa badala ya ubavu. Nguzo nzuri huonyesha pete pana ya kijani inayozunguka kiini, ilhali mbili kati ya zile tano zilikuwa na ukanda mwembamba, na tatu zilikuwa na nyufa zilizofika hadi kwenye kiini chenyewe, mahali ambapo dawa haifiki kabisa. Kwa sababu hiyohiyo simshauri mtu kuchonga nguzo ya mviringo ili iwe na pande nne, kwani anachokitoa ni sehemu aliyoilipia. Ikilazimu kupunguza urefu, ncha iliyokatwa ielekezwe juu, chini ya kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), na ile iliyotoka nayo kiwandani izame ardhini.

Lawama yangu kwa yadi hiyo ni moja, na si ndogo. Hakuna aliyenionya kuhusu vipande vinavyobaki. Jirani yangu alikuja kuviomba kwa ajili ya jiko la kuni, na laiti nisingekuwa nimesoma habari za sumu ya aseniki ningempa kwa moyo mkunjufu. Kuni hizo hutoa moshi wenye sumu, na majivu yake ni hatari kwa watu na hata kwa ng'ombe, ambao hupenda kulamba majivu. Muuzaji aliyepokea shilingi 34,000 kwa nguzo moja angeweza kuyasema hayo kwa dakika mbili, au kuyaandika nyuma ya risiti.

Je, kupanda kwa bei ya nguzo kuna sababu? Kwa maoni yangu ipo, ingawa muuzaji aliieleza nusu tu kwa kulaumu mafuta. Ni kweli kwamba bei ya dizeli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita mwaka 2022, hata Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni, na nguzo ni mzigo mzito unaotoka mbali. Lakini mikaratusi ya Mufindi, eneo la Mafinga, iligombaniwa pia na miradi ya kusambaza umeme katika vijiji zaidi ya 12,000, na miti iliyonyooka vizuri ilichukuliwa huko kwanza. Isitoshe, Kenya ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu yake ya umma tangu Februari 2018, na marufuku hiyo ikaondolewa Julai 2023. Katika miaka hiyo wafanyabiashara wa nchi jirani walinunua mbao nyingi za nyanda zetu za juu kusini. Mfugaji mwenye ng'ombe sita aliingia soko hilo akiwa mtu wa mwisho kwenye foleni.

Mbao za kenchi zilinipa picha tofauti. Ile tunayoiita mbili kwa nne, ya futi 12, ilipanda kutoka shilingi 5,500 hadi 8,000, nayo ilipopimwa kwa futikamba ilikuwa inchi moja na robo tatu kwa tatu na robo. Fundi alicheka nilipomwonyesha. “Mzee, hiyo ndiyo mbili kwa nne ya siku hizi,” alisema, akaongeza kenchi moja katika hesabu yake ili kufidia. Saruji na misumari vimepanda pia, lakini mfuko bado una kilo 50 na kilo ya misumari bado ni kilo, hivyo sina la kusema zaidi juu yake.

Mabati ndiyo yaliyonifundisha. Duka la vifaa vya ujenzi nililokwenda, ambalo sitalitaja jina, lilikuwa safi, lenye wahudumu wenye adabu na mashine ya kukunja migongo mbele ya mteja. Niliagiza mabati 40 ya migongo mipana, kila moja mita 3.6, geji (namba ya unene wa bati) 30, kama yale ya 2019. Wakati ule nililipa shilingi 7,500 kwa mita, na safari hii shilingi 9,800, yaani ongezeko la takriban asilimia 31. Nililichukulia kuwa la kawaida, kwa kuwa chuma cha mabati hutegemea malighafi ya nje inayolipiwa kwa dola, na dola iliyokuwa karibu shilingi 2,300 mwaka 2022 ilivuka 2,600 mwaka 2024.

Nilipakia 12 kwenye kirikuu, nikaacha 28 dukani. Nyumbani fundi alipanda kuweka bati la kwanza, akakanyaga kati ya papi na papi (mbao zinazopigiliwa mabati), na mgongo ukabonyea chini ya mguu wa mtu asiyefika kilo 60. Hapo ndipo nilipochukua mzani wa mahindi. Chuma chenye unene wa milimita 1 kina uzito wa takriban kilo 7.85 kwa kila mita ya mraba, na muuzaji mwenyewe alikuwa ameniambia kwamba geji yake ya 30 ni milimita 0.25. Kwa bati lililokuwa na upana wa futi 3 kabla ya kukunjwa na urefu wa mita 3.6, nilitarajia kilo 6 na nusu. Mzani ulisoma kilo 5.4, ambazo ni sawa na unene wa milimita 0.21. Bati kuukuu nililolitoa kwenye paa la 2019, lililokwisha kuliwa na kutu sehemu za chini, lilikuwa na kilo 6.4.

Ukigawa fedha kwa uzito, mwaka 2019 nilinunua chuma kwa shilingi 4,219 kwa kilo, na 2024 kwa shilingi 6,533. Ongezeko la kweli ni asilimia 55, na karibu nusu yake limefichwa mahali ambapo jicho halioni. Ikumbukwe kwamba namba za geji huenda kinyume, kubwa ikimaanisha bati jembamba, na wateja wengi huchanganyikiwa hata kabla ya kudanganywa.

Niliporudi dukani na bati moja begani, meneja alinipokea kwa “Shikamoo mzee” na kiti, lakini alikataa kulirudisha. Risiti ya mashine ilisomeka “mabati” bila geji wala unene, na kwa karatasi ile nisingeweza kudai chochote. Baada ya mazungumzo marefu alikubali kubadilisha yale 28 ambayo hayajakunjwa kuwa geji 28, kwa nyongeza ya shilingi 3,700 kwa mita, ambayo ilinigharimu 372,960. Safari hii nilisimama mpaka unene ulipoandikwa kwenye risiti kwa kalamu na kugongwa muhuri, na nilipima bati mbili kabla ya kulipa. Zilikuwa sahihi. Adabu ya duka hilo naipa alama zote. Bidhaa yake ya geji 30 sitainunua tena kwa bei yoyote.

Mabati mazito nimeyaelekeza juu ya ng'ombe, kwa sababu mvuke wa mkojo una amonia, na paa la banda huanza kuoza kwa ndani kabla ya mvua kulifikia kwa nje. Yale 12 membamba yamefunika upande wa majani makavu, ambako fundi amesogeza papi zikaribiane, gharama nyingine ambayo haimo katika bei ya bati.

Ile nguzo ya shilingi 22,000 niliyoikataa ilikuwa ghali kwa shilingi 14,000 tu kuliko mkaratusi mtupu wa 8,000. Kwa nguzo 18 niliokoa shilingi 252,000 mwaka 2019, nami nimelipa 612,000 miaka mitano baadaye, bila kuhesabu siku tatu za kuegemeza paa kwa mirunda ya kukodi.

Nguzo mbili za akiba nimezilaza juu ya matofali nyuma ya stoo. Msimamizi wa yadi alinipigia juzi kunijulisha kwamba shehena ijayo kutoka Mafinga itakuja na bei nyingine, nami nikamwomba aniwekee nne.