Mafuta ya Kitani kwenye Kitako cha Bunduki: Uzoefu Wangu

Bunduki ya mtutu mmoja niliyobaki nayo kwa leseni baada ya baba kufariki ilikuwa na kitako cha mbao ya jozi kilichopakwa vanishi zamani, na vanishi hiyo ilikuwa imepasuka na kubanduka kama magamba ya samaki. Mwezi Machi niliamua kukirudishia sura mwenyewe, hapa nyumbani Tabata, kwa kutumia mafuta ya kitani (yale ya mbegu za kitani, linseed) yaliyochemshwa.

Kabla ya hapo nilimpelekea fundi seremala wa Keko kitako peke yake, kwani hutoka ukifungua bamba la nyuma na kulegeza bolti ndefu iliyo ndani, na vyuma vyote nikavifungia kabatini. Alikigeuza mara mbili akasema, "Bosi, hapa tupige vanishi tu, kesho unachukua." Nilimshukuru nikarudi nacho. Vanishi hukaa juu ya mbao kama ganda, na ganda hilo likichubuka mahali pamoja maji hupenya chini yake, hata ulazimike kubandua lote. Mafuta ya kitani huzama katika mbao na kugandia humo kwa kuvuta oksijeni ya hewani, na pakikwaruzika unapaka pale pale.

Vanishi ya zamani niliitoa kwa dawa ya kubandulia rangi, na mswaki mkuukuu ukanisaidia kwenye michoro ya mahali pa kushikia, ambapo msasa haupaswi kugusa kabisa. Kazi iliyonifurahisha zaidi ilikuwa ya mabonde. Palikuwa na bonde moja lenye ukubwa wa punje ya hindi karibu na mahali pa kuegemeza shavu. Nikaweka kitambaa kibichi juu yake, nikagandamiza ncha ya pasi ya moto, mvuke ukafuka, na nilipofunua mara ya tatu kidole hakikuweza tena kutambua lilipokuwa. Nyuzi za mbao zilizobonyea huvimba zikipata mvuke, mradi hazijakatika. Kisha nikapiga msasa namba 120, 180, 220 na 320, nikiufunga kwenye kipande cha ubao, na nikikwepa kingo zinazokutana na chuma, maana ukizila, chuma kitabaki kimetokeza.

Mafuta yenyewe ndiyo yaliyonitesa. Chupa ya kwanza niliinunua Kariakoo, haikuwa na lebo, na muuzaji aliniapia kwamba yamechemshwa. Siku ya nne kitako kilikuwa bado kinanata kama kimepakwa asali, nikajua nimeuziwa mabichi, ambayo huchukua hata wiki kadhaa kukauka. Niliyafuta kwa tapentaini nikanunua kopo lililofungwa na lenye maandishi. Hilo lilifanya kazi, ila maelezo yake ya kukauka kwa saa 24 hayakuandikiwa masika ya Dar es Salaam: kwangu kila mkono, yaani kila tabaka la mafuta, ulihitaji karibu siku tatu. Nilipaka mikono saba, mwembamba kila mmoja, nikiacha dakika 15 kisha nikifuta yote yaliyobaki juu, kwa sababu yakiachwa mazito hufanya utando usiokauka vizuri.

Vitambaa vya kufutia nilivitandaza kwenye kamba ya nguo uani. Msivikunje wala kuvirundika ndani, kwani mafuta haya hutoa joto yanapokauka na rundo linaweza kujiwasha lenyewe.

Rangi ya kahawia ya mbao imerudi, mistari yake inaonekana hadi ndani, na mng'ao ni wa upole. Hata hivyo mafuta haya hayazuii maji kama vanishi, hivyo nimeongeza nta ya nyuki juu yake, nami nitairudia kila mwaka. Ningeyanunua tena, lakini ningeanza baada ya mvua kwisha, na ningechukua kopo dogo: lile langu la lita moja limebaki zaidi ya nusu, na tayari limeanza kufanya ngozi kwa juu.