Uzoefu wangu: ziara ya Kizimbani, Kidichi na Mangapwani siku ya mvua

Ilikuwa sikukuu ya Muungano, 26 Aprili, na mvua ya masika ilianza kabla hatujatoka Mji Mkongwe, Unguja. Mume wangu alitaka tuahirishe. Mimi nilikuwa nimeshalipia ziara ya siku nzima: shamba la viungo Kizimbani, hamamu (bafu la kale) ya Kidichi, halafu Mangapwani na ufuo wake. Tukaenda.

Utamu wa safari yote ulikuwa Kizimbani. Shamba likilowa, harufu hupanda. Mtembezaji wetu alikwangua gome la mdalasini kwa kisu akatupa tunuse likiwa bichi, linatoa maji. Mdalasini wa dukani haunukii hivyo hata robo. Akaokota tunda la mkungumanga, akalipasua: ndani kuna kokwa nyeusi inayong'aa, imevikwa wavu mwekundu kama damu. Ule wavu ndio basibasi! Miaka yote nanunua kungumanga na basibasi kama vitu viwili, kumbe tunda ni moja. Iliki nayo nilidhani huning'inia juu. Hutoka shinani kabisa, mpaka uiname ufunue majani. Kijana yule hakumharakisha mtu. Kila mti alisema, "Dada, nusa kwanza, jina baadaye." Mwanangu wa miaka tisa alinitangulia kuijua karafuu, ingawa ilikuwa bado tumba bichi mtini.

Kidichi tulikaa kidogo mno. Hamamu hiyo ilijengwa mwaka 1850 na Sultani Seyyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shehrzad. Nje ni jengo la kawaida, lakini ndani kuta zimepambwa nakshi za chokaa, maua na ndege. Ndege hao ndio walionishika, maana majengo mengi ya Waomani wa zama zile hayana pambo la kiumbe. Ningetaka saa nzima, tukapewa robo saa.

Hapo ndipo lawama yangu kwa kampuni. Waliahidi miavuli ya kutosha, ukaja mmoja kwa watu wanne. Na dereva alikuwa akitazama saa tangu mchana.

Mangapwani, vaeni viatu visivyoteleza. Ngazi za chumba cha watumwa, kilichochongwa ndani ya mwamba, zilikuwa zinatiririka maji. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, lakini ndani ya mwamba huu watu waliendelea kufichwa wakisubiri majahazi ya magendo. Mwanangu aliuliza walikuwa wanapumuaje. Mtembezaji akamwonyesha uwazi wa juu, asiongeze neno, na nilimheshimu kwa hilo.

Ufuoni bahari ilikuwa ya kijivu, hapana mtu. Maji yalikuwa vuguvugu kuliko mvua yenyewe, basi mtoto akaoga na nguo zake. Kipande cha gome la mdalasini kingali kwenye mkoba wangu, kimekauka, na bado kinanukia.