TAHADHARI kwa wenye Subaru turbo: "beringi bila kushusha injini" ni wizi

Wakuu, kuna gereji hapa Dar inatembeza tangazo kwenye magrupu ya WhatsApp: wanakubadilishia beringi za konrodi (vipande vyembamba vinavyokaa kati ya konrodi, yaani mkono wa pistoni, na krenki, shafti kuu ya injini) za Forester XT, WRX au STI yako kwa siku moja, injini ikiwa ndani ya gari, kwa laki nne na nusu. Jina siliweki, maana kesho watakuja na lingine. Jueni tu kwamba kazi hiyo kwenye Subaru haifanyiki.

Watu wanaingia mkenge kwa sababu kuna ukweli ndani yake. BMW M3 za 2007 hadi 2013, zile za V8 ya lita 4.0, zinajulikana kwa kula beringi za konrodi, na wenye nazo wengi huzibadilisha mapema kabla hazijagonga. Fundi anaining'iniza injini, anashusha fremu ya mbele na sampu (karai la oili chini ya injini), anafungua kepu za konrodi kwa chini, anaweka beringi mpya na bolti mpya. Video zake zimejaa mtandaoni, na hawa jamaa ndizo wanazomwonesha mteja.

Sasa EJ20 na EJ25, injini za Subaru turbo nyingi, ni injini zilizolala. Pistoni mbili kushoto, mbili kulia, krenki imebanwa katikati ya nusu mbili za bloku. Ukishusha sampu krenki unaichungulia tu, bolti za konrodi hufungui. Lazima injini itoke, hedi (vifuniko vya silinda) zivuliwe, pini za pistoni zichomolewe kupitia matundu ya bloku, ndipo bloku iachanishwe. Atakayekwambia asubuhi mpaka jioni bila kushusha injini, chukua funguo zako uondoke.

Wanachofanya nimekiona kwenye Forester ya rafiki yangu. Ilikuwa na kamlio kembamba ikipanda mlima. Ilipotoka kwao ikawa kimya, akalipa. Nikaingia chini: bolti za sampu zina tope la mwaka juzi, silikoni ya kuzibia sampu haijaguswa. Nikavuta dipstiki, oili nzito kama asali. Walichofanya ni kumwaga ndani oili nzito ya 20W-50 na dawa ya kuongeza uzito. Beringi ikilika, nafasi kati yake na krenki inaongezeka na oili nyepesi inakimbia. Nzito inatulia pale kwa muda, mlio unapungua. Kitu hakijapona.

Halafu wakampa mfuko wa "beringi zako za zamani". Zimelika hadi shaba inaonekana, ni kweli, ila vipande vilikuwa 6, tena vipana kuliko vya EJ. Konrodi nne zina vipande 8, ndugu zangu! Hata kudanganya wamefanya kivivu. Alipofika Chalinze konrodi ikatoboa bloku.

Ukipeleka gari kwa kazi hii popote, dai kuiona bloku ikiwa wazi. Na kama injini ilishaanza kugonga, uliza habari ya kula ("cooler", kipoza oili): chembe za chuma zinabaki ndani yake hata ukiiosha, ni kubadilisha tu, la sivyo beringi mpya zitaenda na maji.

Kwa ambaye gari lake bado zima, hela ya hawa jamaa nunulia oili. Hizi injini zinakunywa oili, na ikipungua, ukikata kona kwa kasi pampu inavuta hewa. Beringi inabaki chuma kwa chuma. Pima dipstiki kila wiki, badilisha oili kila kilomita 5,000, usikanyage moto injini ikiwa baridi. Filta ya zamani ikate uikunjue juani, ukiona vinavyometameta gari lisitembee tena.

Kama umeshawalipa, usifute meseji za muamala wala usitupe mfuko wa beringi. Nicheki inbox, tuliokwisha kupatikana tunaandaa kwenda polisi pamoja.