Kliniki ya tezi ya shingo, Tanga mjini: maelezo ni mazuri sana, majibu ya vipimo yanachelewa

Nimempeleka mdogo wangu mara tano katika kliniki moja ya binafsi hapa Tanga mjini, na ninaandika kwa ajili ya yeyote mwenye mgonjwa anayekonda ilhali anakula vizuri, anayetokwa jasho wakati wenzake wamejifunika khanga, na ambaye moyo wake unakwenda mbio hata akiwa amelala. Kabla ya hapo tulizunguka miezi saba. Mahali pamoja alipewa dawa za presha, pengine akaambiwa ana mawazo, na huku kwetu Ngamiani majirani walikwishaanza kunong'ona kwamba amechezewa.

Daktari wa hapa alimwambia anyooshe mikono, akamlazia karatasi nyepesi juu ya vidole, nasi tukaiona ikitetemeka mpaka ikaanguka sakafuni. Kisha alisimama nyuma yake, akampapasa shingo kwa mikono miwili huku akimwambia ameze maji funda baada ya funda, na mwishowe akasikiliza juu ya rovu lenyewe, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, kwa sababu tezi inayofanya kazi kupita kiasi hupitisha damu nyingi hata mvumo wake huweza kusikika.

Mama alikuwa ameshikilia kwamba binti amekosa madini joto, kama tulivyozoea kuambiwa kuhusu rovu, na alikuwa akimzidishia chumvi. "Mama, rovu hili si la kukosa madini joto," daktari alimwambia kwa upole, "na chumvi nyingi haitamsaidia." Alitueleza ugonjwa wa Graves, uliopewa jina la Robert Graves, tabibu wa Ireland aliyeuandika mwaka 1835: kinga ya mwili hutengeneza kingamwili zinazoishika tezi pale pale inaposhikwa na TSH, homoni ya kuiamrisha inayotoka chini ya ubongo, na tezi hutoa homoni bila kukoma. Kwa kuwa mwili umekwishajaa homoni hizo, TSH yenyewe hushuka. Ya mdogo wangu ilikuwa chini ya 0.01, wakati kawaida ni kama 0.4 hadi 4.

Alimwandikia kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni za tezi, ambayo kwa kawaida hutumiwa miezi 12 hadi 18, pamoja na propranololi ya kutuliza moyo, baada ya kumuuliza kwanza kama ana pumu. Hakumficha kwamba wengi hurudiwa na ugonjwa wakiacha dawa, na kwamba hapo hubaki upasuaji au madini joto ya mionzi. Lakini jambo ambalo kwangu linatosha kuisifu kliniki hii ni maneno aliyoyaandika kwa herufi kubwa juu ya kadi: HOMA AU KOO KUUMA, ACHA KABIMAZOLI, NJOO UPIME DAMU SIKU HIYO HIYO. Kabimazoli, kwa nadra, huangusha seli nyeupe za damu, na mgonjwa akaweza kufa kwa maambukizi. Hapa kwetu mtu akishikwa na homa husema ni malaria na kwenda moja kwa moja duka la dawa. Mwezi wa tatu mdogo wangu alipata homa usiku. Kulipokucha tukaenda, damu ikapimwa, na majibu ya kipimo hicho tukapewa kabla ya adhuhuri. Seli zilikuwa sawa, na kweli ilikuwa malaria, lakini tulitibu kitu tulichokijua.

Kasoro zipo. Sampuli za homoni hupelekwa Dar es Salaam, na mara ya kwanza tulisubiri siku tisa bila kupigiwa simu. Karani wa mapokezi alitaja ugonjwa wake kwa sauti mbele ya watu, jambo lililomuumiza sana. Kubwa zaidi, hakuna aliyemuuliza kuhusu ujauzito mpaka nilipouliza mimi, ingawa ameolewa juzi tu na kabimazoli inaweza kumdhuru mtoto katika miezi ya mwanzo, ambapo hupendelewa dawa nyingine. Daktari alikiri na akampangia uzazi wa mpango siku ile ile, lakini swali hilo lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza.

Kliniki ya tezi huwa Jumanne na Alhamisi. Fikeni kabla ya saa mbili asubuhi, mchukue dawa zote mlizokwisha kutumia, na msiondoke bila kuandikiwa namba ya simu ya maabara.